Mzee Gereji Hatambuliki

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka likizo nikakuta chumba cha kompyuta kimepakwa rangi na kila mashine imepewa jina. Sitanii. Juu ya kila kioo kimebandikwa kibao cha rangi ya dhahabu, na kwenye kila kibao kuna mjumbe wa kamati ya shule au mzazi aliyechangia viti vipya. Mwenyekiti yuko mlangoni, anafuatiwa na Mama Duka la Dawa, Mzee Gereji, Fundi Cherehani, Mkunga, na wenzao, ukuta mzima mpaka kwenye kona. Kwenye kona ipo mashine moja isiyo na kibao. Wachangiaji waliishia hapo, na paa linavuja hapo hapo.

Kazi hii ni ya Shemeji. Ni mdogo wa mume wa Mama Mkuu, kwa hiyo ni shemeji wa mkuu wa shule peke yake, lakini kwa vile yeye humwita hivyo mbele za watu, shule nzima mpaka mlinzi tunamwita Shemeji, utadhani sote tumeolewa kwao. Anapiga muziki kwenye sherehe. Ana spika kubwa kama kabati, na mtu mwenye spika za namna hiyo hukosi kumdhania anajua kila kitu chenye waya. Alipomaliza kubandika vibao nje, akaona haipendezi ndani pabaki namba tupu. Akapewa neno la siri kutoka kwenye droo ya Mama Mkuu, akaingia mashine moja baada ya nyingine, akafuta namba, akaandika majina.

Leo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamekaa kwenye viti vipya, kila mmoja akaandika jina lake na neno lake la siri, na kila kioo chenye kibao kikajibu kwamba kompyuta hii haitambuliki.

Mwalimu wa somo amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake la ujauzito. "Fundi, leo wataingia?"

"Tunajaribu, Mwalimu."

Jumanne, 4 Machi

Naandika mambo yalivyo, maana ufundi huu nilijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu, na nisipoandika sielewi.

Kompyuta hizi ziko kwetu kama watoto wa kulea. Zinaamriwa na makao makuu ya elimu. Huko kuna seva yenye saraka, yaani daftari la majina, na humo wamo wanafunzi wote na mashine zote. Mtoto akitaka kuingia, mashine inapiga hodi kwenye saraka. Inajitaja yenyewe kwanza, kisha inamtaja mtoto. Saraka ikiijua mashine, ndipo inasikiliza habari za mtoto. Isipoijua, mtoto anaachwa nje hata kama neno lake la siri ni sahihi. Sasa mashine ambayo muhula uliopita ilijitaja kwa namba, leo inagonga mlango wa watu na kusema mimi ni Mzee Gereji. Nani atafungua?

Mashine ya kona inafunguka bila wasiwasi. Watoto wameshaipa jina pia. Wanaiita Yatima.

Binti amenisubiri getini tukarudi nyumbani pamoja. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, tunaishi naye mimi na mama yangu, yaani bibi yake. Chuo cha ufundi kimekubali kumchukua, ila kwa sharti moja: afaulu somo la kompyuta. Mtihani wa vitendo ni tarehe kumi na tatu Mei. Karatasi ya maswali inashuka kwa mtandao kutoka makao makuu na haimfungukii mtu ila awe ameingia kwa akaunti yake, kwenye mashine inayotambulika. Asiyeingia siku hiyo anaandikwa hakuwepo.

"Baba Mdogo, lakini si utakuwa umeshazitengeneza?"

Nikamwambia Mei ni mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu. Hawajaingia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga simu makao makuu. Anayepokea ni msichana mwenye sauti tamu na subira ya kutisha. Sijawahi kumwona, namwita Sauti. Akaniomba jina la kompyuta yenye matatizo. Nikamtajia.

"Samahani, kaka. Nimekuomba jina la kompyuta."

"Ndilo hilo. Mzee Gereji."

Nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi. Akaniambia hana Mzee Gereji. Nikamjaribisha Mkunga, hana. Nikamtajia Mwenyekiti mwenyewe, nikiamini angalau cheo kitasaidia. Hana. Kwa upande wao, akasema, shule yetu ina kompyuta moja tu, nyingine zote zimezimwa tangu likizo. Nikamwambia niko katikati yake, zote zinawaka, naona mpaka vumbi. Akasema ananiamini mimi, ila mfumo hauzioni. Zikarudishwe kwenye saraka, na hilo linafanywa na Mtaalamu kwa neno la siri la huko huko, na Mtaalamu hashughuliki bila barua ya mkuu wa shule yenye muhuri inayoeleza chanzo cha tatizo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Imegonga mabati kipindi kizima, Mwalimu akawa anafundisha kwa ishara.

Katikati ya kelele hizo nimegundua kitu. Ukichomoa kebo ya mtandao, mashine inakuwa haina wa kumuuliza, kwa hiyo inategemea kumbukumbu zake. Mtu iliyewahi kumwona inamruhusu. Nikachomoa kebo zote. Mama Duka la Dawa akamkumbuka Binti tangu muhula uliopita na kumfungulia. Darasa likapiga makofi. Nikajiona mganga.

Raha yenyewe fupi. Mashine zina kumbukumbu za wachache tu, wengine wanazigongea bure. Tena bila kebo, kazi zao zilizohifadhiwa kwenye seva hazionekani, na karatasi ya mtihani haiwezi kushuka hewani kama umande. Nimewapa mazoezi kwa flashi. Ni kujifunza kuogelea ukiwa kitandani.

Jumatano, 19 Machi

Nimeenda kwa Mama Mkuu kuomba barua. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka kimoyomoyo. Nimetoka nimemeza kicheko changu.

Amesikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama anaelewa vizuri: aandike kwa mkono wake kwamba majina ya kamati ndiyo yaliyoharibu kompyuta, na kwamba aliyeyaweka ni shemeji yake, na kwamba neno la siri lilitoka kwenye droo yake. Nikasema kwa ufupi ndivyo. Akanionyesha dari. Ndoo ilikuwa juu ya kabati la mafaili, nyingine karibu na mguu wake. Mwenyekiti anauza vifaa vya ujenzi na ameahidi mabati ya paa zima, akaniambia, na siku aliyoahidi alikuwa amesimama mbele ya kompyuta yenye jina lake akijipiga picha.

"Fundi, wewe una chumba kimoja. Mimi nina paa."

Nikapendekeza vibao vibaki nje, ndani turudishe namba. Uso wake ukafunguka. Ndani, akasema, nani anaingia kuangalia? Kisha akaandika barua. Chanzo cha tatizo: hitilafu ya umeme.

Nilipaswa kusema kitu. Nikagonga muhuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. "Leo wataingia?" Tunajaribu.

Ijumaa, 28 Machi

Kwa kuwa nilikuwa na ruhusa ya Mama Mkuu, nikaanza na Mzee Gereji. Nikafuta jina, nikarudisha namba yake ya zamani, nikazima, nikawasha, nikavuta pumzi. Kioo kikabadilisha maneno. Sasa hakisemi haitambuliki. Kinasema uaminifu kati ya kompyuta hii na saraka umevunjika.

Nimelitazama neno hilo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kumbe jina peke yake halitoshi. Mashine na saraka wana neno la siri lao wawili, wanalibadilisha wenyewe bila kumshirikisha mtu, na aliyevunja hawezi kuunga akiwa upande huu. Mtu aliyemkana mke wake hadharani akirudi jioni na jina lake lile lile, mlango hautafunguka kwa sababu ya jina.

Shemeji amepita akaniona nimejiinamia. Akauliza kama azipige na upepo wa pampu, labda ni vumbi. Nilimjibu vibaya. Akaondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Makao makuu wameijibu barua. Wamemtuma fundi umeme.

Amekuja amelowa mpaka soksi, mtu mpole, kabeba boksi la kudhibiti umeme. Amepima kila soketi, amefungua fyuzi moja moja, amebishana na nyaya mpaka alasiri. Akaniambia hajaona shule yenye soketi safi kama hizi, nani alizifunga? Nikamwambia ni Shemeji. Akasifu. Nikamuuliza kama anajua chochote kuhusu saraka. Akasema hapana, yeye ni umeme tu, na kwenye karatasi yake akaandika tatizo limetatuliwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Sauti anasema suala letu limefungwa, maana kuna saini kwamba limetatuliwa. Kulifungua upya kunahitaji barua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Mkuu ameandika barua mpya. Safari hii chanzo ni "sababu mbalimbali". Nimemwambia, kwa adabu zote, kwamba watatuletea fundi wa sababu mbalimbali. Amecheka, ndoo ikadondokewa na tone tukacheka wote, kisha akaniuliza binti yetu anaendeleaje na maandalizi. Sikucheka tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Hawajaingia. Barabara ya chini imechukuliwa na maji.

Alhamisi, 17 Aprili

Mazungumzo ya nyumbani. Mama anamuuliza mjukuu wake kwa nini hasomi. Binti anasema anasoma kichwani. Mama anasema hajawahi kuona kichwa kikisoma kimefumba macho. Kweli alikuwa amelala kifudifudi, vidole vinatembea kwenye mkeka. Alikuwa anachapa. Anazikumbuka herufi zote zilipo.

"Baba Mdogo, niambie ukweli. Zikikataa siku yenyewe, nitaandikwaje?"

Nikamwambia hazitakataa. Mama aliacha kuchambua alichokuwa anachambua, akanitazama. Ananijua tangu sijaota meno.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefanya kitu ambacho watu wa ufundi wangu hawafanyi. Nimemwambia Sauti ukweli wote: vibao, spika, droo, mabati ya paa, Mwenyekiti na picha yake. Nilidhani atacheka au atanishtaki. Akasema hata kwao kuna seva yenye jina la mkurugenzi na haizimwi kwa sababu hiyo, inachemka kama chungu. Akasema ataandika yeye mwenyewe maneno yanayofaa, na atamfuata Mtaalamu mezani kwake. Anahudumia shule zote peke yake, huyo Mtaalamu, na sote tuko kwenye foleni moja.

Siku zote hizi nilikuwa nikimwigiza Sauti kwenye chumba cha walimu, wanavunjika mbavu. Nimeacha.

Jumatatu, 5 Mei

Leo wataingia? Mwalimu hakuuliza. Amejifungua salama, mtoto wa kiume. Nimejikuta nimesimama mlangoni nikijiuliza mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Mtaalamu amepiga simu. Ana sauti ya mtu ambaye hajalala, anaongea kama anahesabiwa maneno. Nikae mbele ya mashine, nisiguse mpaka aniambie, yeye ataingia kwa mtandao kutoka huko. Tukaanza na Mwenyekiti. Nikaona mshale unatembea peke yake kwenye kioo, unafungua madirisha ambayo mimi sijawahi kuruhusiwa, unaandika, unafunga. Tukazima, tukawasha. Nikamwita Binti aandike jina lake. Kioo kikafikiri, kikafunguka: Karibu, na jina lake kamili, na la baba yake. Alishika mdomo.

Tukaenda kwa Mama Duka la Dawa, naye akafunguka. Tulipofika kwa Mzee Gereji radi ikapiga upande wa barabarani na mtandao ukakatika. Kwenye simu Mtaalamu alisema "subiri", kisha na simu ikakatika.

Nimesubiri.

Jumatatu, 12 Mei

Nguzo ya mtandao iliangukia mtaroni. Wameisimamisha leo mchana, lakini Mtaalamu yuko shule nyingine, yenye shida kubwa kuliko yetu, anasema Sauti, na sauti yake haikuwa tamu. Kwa hiyo kwa mtihani wa kesho tuna mashine tatu: Mwenyekiti, Mama Duka la Dawa, na Yatima. Darasa zima kwa zamu, kabla karatasi haijafungwa jioni.

Mama Mkuu ametuita ofisini kupanga. Msimamizi wa mtihani ameshafika, ameketi na mkoba wake mapajani. Akasema kanuni haijali nani anaanza, mradi utaratibu ujulikane. Mama Mkuu akanigeukia.

"Fundi, chumba ni chako. Tuanzie wapi?"

Watahiniwa wana namba, na namba zimefuata alfabeti. Marehemu kaka yangu aliniachia mtoto mmoja mwema na jina linalokaa mkiani mwa kila orodha. Kila mtu ofisini alijua hilo. Nilishafungua mdomo kusema tuanzie mwisho. Ningeweza kutunga hata sababu, mimi sababu hazinipigi chenga. Nikaona macho ya msimamizi yakinisubiri, na ya Mama Mkuu, na ya makamu wake mwenye mtoto katikati ya orodha.

Nikasema tufuate namba.

Jumanne, 13 Mei

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika kabla ya kengele.

Nimekaa kwenye ngazi na kujisemea basi, imekuwa, wote wataandikwa hakuwepo, angalau tumekosa pamoja. Mara nikasikia gari la Shemeji likiguna kwenye matope. Ameshuka na jenereta lake la sherehe, yeye na mlinzi wakalibeba mpaka barazani, maji yakiwachuruzika. Hakuniangalia. Amevuta nyaya, amewasha, taa ya chumba ikaja. Baadaye akakaa karibu yangu na kusema alidhani wale wazee watafurahi kuona majina yao ndani pia. Nikamwambia walifurahi. Akasema, "Wewe je?" Nikamsogezea upande mkavu wa ngazi.

Mimi siruhusiwi kuingia chumbani wakati wa mtihani. Nimeona yote kupitia dirishani. Watatu wanaingia, watatu wanatoka. Yatima niliivuta jana mbali na kona kadiri kebo ilivyofika, nikaifungia mwavuli juu. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mambo yakaenda. Binti alikaa kwenye benchi la nje na waliobaki, viatu amevua asivilowanishe, kitambulisho mkononi. Nilipiga hesabu zangu kwa macho: kwa mashine tatu, angefika. Zamu ya mwisho, lakini angefika.

Mchana maji yaliacha kudondoka juu ya mwavuli. Yalipata njia nyingine, yakafuata ukuta, yakafuata kebo, yakaingia nyuma. Yatima ikalia mlio mdogo na kuzima. Mtoto aliyekuwa hapo aliinua mikono juu kama aliyekamatwa. Msimamizi akamhamishia kwa Mwenyekiti zamu iliyofuata, na foleni yote ikarudi nyuma.

Binti aliona. Alitazama mashine mbili zilizobaki, akatazama wenzake mbele yake kwenye benchi. Nilienda kwa msimamizi mlangoni, nikamwomba, nikatumia maneno yote ya heshima ninayoyajua. Si mtu mbaya. Akasema karatasi haifungwi na yeye, inafungwa na mfumo, naye hana pa kuubembeleza. Nikampigia Sauti. Akasema shikilia, akaenda, nikasikia viatu vyake vikikimbia sakafuni. Akarudi. Akasema "kaka", akaishia hapo.

Aliyemtangulia Binti alitoka jioni. Msimamizi akamwita kwa namba, akaingia, akaketi mbele ya Mama Duka la Dawa, akaandika jina na neno la siri haraka, vidole vile vya mkekani. Mlango ukafunguka. Karibu. Akabofya karatasi. Kioo kikamwambia muda umekwisha.

Msimamizi akajaza karatasi yake. Mbele ya namba ya Binti akaandika hakuwepo, maana hakuna kisanduku kingine. Binti alikuwa amesimama karibu yake akimwangalia anavyoandika.

Ijumaa, 16 Mei

Mama hasemi na mimi wala hanuni. Amemkaangia mjukuu wake mayai asubuhi tatu mfululizo.

Chuo wamesema watafurahi kumpokea mwakani, akifaulu.

Jumatatu, 19 Mei

Mtaalamu amezimaliza zote. Asubuhi moja tu, bila radi, bila barua. Mzee Gereji, Fundi Cherehani, Mkunga, kila mmoja ndani ana namba yake na nje kibao chake. Sauti akapiga kunitangazia. Hakusema hongera, nami nikamshukuru kwa hilo. Akauliza habari za yule binti. Nikamwambia.

Mchana lori la Mwenyekiti limeleta mabati. Mama Mkuu alisimama kwenye mvua akiyahesabu. Alinikuta barazani, akanishika bega.

Jioni Binti amekuja kunisubiri turudi. Akauliza kama anaweza kujaribu. Akakaa mbele ya Mzee Gereji, akaandika jina lake na neno la siri. Kioo hakikufikiri hata kidogo. Karibu, na jina lake lote.

Akalitazama.

"Kumbe ananijua," akasema.

Kisha, bila kugeuka, akaniuliza kama ni kweli Mama Mkuu aliniuliza tuanzie wapi. Nikasema ni kweli. Nilisemaje? Nikamwambia nilisema tufuate namba.

"Ingekuwa mimi, Baba Mdogo, ningesema tuanzie mwisho."

Akacheka, cheko la marehemu baba yake. Mimi sikuweza. Alitoka kwenye akaunti kama ninavyowafundisha, akazima mashine, akarudisha kiti chini ya meza. Tukafunga dirisha la kona tukaondoka.